Mwalimu Aliyechagua Ukimya

Nianze na ukweli ili mtu asije akasema nilimficha. Mwalimu wa kwaya nilimwonea wivu. Siyo ule wivu wa kupita, unamwona mtu na viatu vipya, ukifika kona umesahau. Huu ulikuwa wivu wa kukaa nao nyumbani, una kiti chake na kikombe chake. Ningekuwa nimefuga ng'ombe kwa bidii niliyofugia wivu ule, leo Makambako nzima ingekuwa inakunywa maziwa yangu.

Alikozaliwa sikujui, na ukoo wake waulizeni wenye ukoo. Mimi nilimkuta tayari amestaafu kufundisha shule ya msingi, anakaa Njombe mjini, upande ule ambako ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi. Kila Jumamosi alikuwa anateremka Makambako kufundisha kwaya ya usharika wetu. Njombe walimu ni wengi kama viazi, lakini ukisema tu "Mwalimu" bila kuongeza neno, watu walijua ni yeye.

Na mimi? Mimi niliishia kidato cha pili. Mtihani wa kidato cha pili na mimi tulikutana mara mbili, mara zote ukanishinda, tukaachana kwa amani. Nikafungua kibanda cha kanda pale stendi ya Makambako. Unaleta kanda tupu, unachagua nyimbo, unarudi jioni unakuta imejaa. Ilikuwa miaka ile milango ya nchi imefunguliwa na kila kitu kinaingia: mitumba, redio za kila umbo, kompyuta zilizochoka Ulaya zikaja kupumzikia kwetu. Simu za mkononi nazo ndiyo kwanza zilikuwa zimefika, na watu wazima walikuwa wanapanda juu ya vichuguu kutafuta mtandao. Nikaona na mimi nisibaki kunakili nyimbo za wenzangu. Nikageuza chumba kimoja cha nyumba yangu kule Mahongole kuwa studio. Nikagongelea trei za mayai ukutani, nikaandika mlangoni KIMYA TUNAREKODI. Aliyekuwa anapiga kelele mle ndani ni mimi peke yangu.

Sasa sikiliza wivu ulivyoanza kuota mizizi.

Kwaya ilikuwa imekwenda kurekodi kwa Mwalimu, nyumbani kwake Njombe. Nilijua, maana mke wangu, Mama Neema, ni mwanakwaya, na siku hiyo nilikula kiporo. Baada ya muda kanda ikaletwa kibandani kwangu niitolee nakala. Nikaiweka kwenye redio kubwa, spika nje, stendi nzima isikie. Wimbo wa tatu akaingia mwanamke peke yake, bila kinanda. Nilikuwa nimeshika bisibisi, nikaisahau mkononi. Sauti ilikuwa karibu, kama mtu ameinama kukuambia jambo ambalo hataki wengine walisikie. Kabla ya neno la kwanza ulisikia anavuta pumzi, pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

Abiria mmoja wa basi la Songea akasogea. "Fundi, huyu dada ni nani?"

"Simjui," nikasema. "Ila aliyemwoa ana bahati."

Nyuma yangu mtu akaweka hotpoti juu ya meza. Alikuwa Mama Neema, ameniletea chakula.

"Ni mimi," akasema. Akakunja khanga yake vizuri, akaondoka.

Abiria alicheka mpaka basi likataka kumwacha. Mimi sikucheka. Mimi ambaye hucheka hata nikijikwaa.

Nataka nieleweke. Mwalimu hakuwa na neno baya na mke wangu wala na mke wa mtu yeyote. Angekuwa nalo ingekuwa rahisi, ningemwita mjumbe, tungekaa, tungesuluhishwa. Wivu wangu haukuwa na mjumbe. Mtu ametoka Njombe na pikipiki, akasikia ndani ya mke wangu sauti ambayo mimi ninayeishi naye sijawahi kuisikia, akaiweka kwenye kanda, akaniletea niinakili. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani: Mama Neema asikike kwenye mashine yangu kama alivyosikika kwenye yake.

Basi nikaanza kumchunguza Mwalimu kama mtu anayechunguza mkate wa jirani umeumukaje.

Kitu cha kwanza kilikuwa masikio. Alikuwa na masikio makubwa yaliyosimama, na akisikiliza alilaza kichwa upande wa kushoto, macho amefumba, mdomo umechongoka kidogo kama anataka kupuliza chai. Akiwa hivyo usimsemeshe. Kwenye mazoezi wanakwaya arobaini waliweza kuimba kwa pamoja, naye akanyoosha kidole bila kufumbua macho: "Wewe, mama wa safu ya pili. Umekula karanga." Na kweli amekula karanga.

Mimi aliwahi kunipima nikitaka kuimba besi. Nikaimba mstari mmoja. Akalaza kichwa, akakaa hivyo muda mrefu, akaniuliza kwa upole, "Kijana, umewahi kufikiria kubeba viti?" Nimebeba viti vya kwaya ile miaka minne.

Kitu cha pili, hakuipenda kelele ya aina yoyote. Siku ya kurekodi saa ya ukutani aliivua, akaifunga na sweta, akaifungia kabatini kama amekamata mwizi. Kuku walipelekwa kwa jirani tangu asubuhi. Friji ilizimwa. Wageni walivua viatu, na kama una kikohozi ulibaki nje ukaota jua, kama lipo. Mvua ikianza kugonga bati, kazi imeisha, kila mtu nyumbani kwake. Ila ukungu aliupenda. Ukungu mzito wa Njombe ukishuka, magari yanatambaa, mbwa wanajikunja, hata watu wanaongea chini bila kuambiwa. Hapo ndipo alipotuma ujumbe Makambako: njooni. Wenzetu walikuwa wanasubiri jua waanike mahindi, yeye anasubiri ukungu aanike sauti.

Lakini mtu huyohuyo, mwenye kuifunga saa na sweta, alikuwa na pikipiki yenye kelele kuliko zote mkoani. Ekzosi ilikuwa imetoboka tangu sijui lini. Tukiwa Makambako tulimsikia kabla hajaonekana, wamama wakasema "Mwalimu huyo," wakaanza kutema karanga. Nikamwuliza siku moja, "Mwalimu, mbona hii huitengenezi?"

"Nikiwa juu yake nimevaa kofia ngumu," akasema. "Siisikii."

Alikuwa hapendi tukichanganya Kiingereza. Miaka yote darasani ilimwachia ugonjwa huo. Hedifoni aliziita visikizio. Mausi ya kompyuta aliiita panya, tena kwa heshima: "Mshike panya taratibu, usimkabe." Kina mama aliwasalimia "Kamwene" kama Mbena mwingine yeyote, lakini akishaingia kwenye mazoezi ni Kiswahili kimenyooka mpaka unaona aibu kupiga chafya.

Ugonjwa huo ndio ulioleta mambo ya kadi, kabla hata ya ile siku ya hotpoti.

Kompyuta alikuwa amepata kutoka kwa marafiki wa usharika wa huko Ulaya. Ilikuja na kila kitu ila haikuweza kurekodi. Ukichomeka mic nyuma yake, ilitoa muungurumo kama ina njaa. Mtu akamweleza kwamba anahitaji kitu cha kukaa kati ya mic na kompyuta, wataalamu wanakiita saundi kadi, tena aipate ile ya kukaa nje ya mashine. Mwalimu akaandika barua kwa wino wa bluu, kwa ule mwandiko wake ulionyooka kama mistari ya chai, akampa Hamisi. Hamisi ana malori yake mawili Makambako, na kitu chochote kilichoko Kariakoo, yeye anakijua kiko rafu ipi. Barua ilisema: Naomba uniletee kadi ya sauti, ya nje.

Hamisi akaileta. Ilikuwa kadi. Ya sauti. Na ya nje kweli, imeandikwa Kiitaliano sijui Kihispania, ina maua na njiwa wawili. Ukiifungua inapiga muziki wa harusi.

Nilikuwepo, namshukuru Mungu. Hamisi alikuwa amesimama kwa fahari kabisa. "Mzee wangu, nimezunguka Kariakoo nzima. Za hapa nchini zilikuwa nyingi, lakini nikasema hapana, mzee ameandika ya nje."

Mimi nilikuwa tayari nimekaa chini kwenye gunia nashika tumbo. Mwalimu akaifungua ile kadi. Akalaza kichwa kushoto, akafumba macho, akausikiliza ule muziki wa kinyangarika mpaka mwisho, akaifunga.

"Noti ya nne iko chini," akasema. "Ahsante sana, Hamisi." Akaiweka kwenye mfuko wa koti.

Mtu gani huyo? Mimi ningekuwa nimechekwa mpaka nihame wilaya. Yeye alisimuliwa stendi kwa sifa: umesikia, Mwalimu amesikia mpaka kadi ya harusi inakosea!

Safari iliyofuata Hamisi akapewa maelezo ya kuchora. Akarudi na maboksi mawili aliyoaminiwa na ndugu yake mwenye duka, tuyajaribu kwanza, tutakaloacha arudishe. Nasema tuyajaribu kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshajipenyeza, nimeshauza baiskeli ninunue litakalobaki. Tukakutana kwenye stoo ya Hamisi, nyuma ya magunia ya mbolea, na kompyuta ya Mwalimu imebebwa kutoka Njombe imefungwa na blanketi kama mgonjwa.

Boksi la kwanza lilikuwa kubwa, jeusi, lina matundu manane ya kuchomekea mic na taa zinazopanda na kushuka, kijani, njano, nyekundu. Ukilitazama tu unajiona uko Dar. La pili lilikuwa dogo kama sanduku la viatu vya mtoto, rangi ya majivu, matundu mawili, taa moja. Taa yenyewe imesinzia.

Lile kubwa nililipenda papo hapo. Nadhani hata kuoa sikuamua haraka vile.

Mwalimu hakutazama taa. Akachomeka mic yake, akaifunika na blanketi, akamwambia Hamisi, "Naomba lile lori lizimwe." Likazimwa. "Na huyo anayesaga karanga." Akaombwa akanyamaza. Halafu akavaa visikizio, akaanza kurekodi. Hakuna kitu. Alirekodi hakuna kitu, dakika nzima, halafu dakika nyingine, halafu akasikiliza alichorekodi, yaani hakuna kitu, kwa makini kama anasomewa wosia.

Hamisi akaninong'oneza, "Produsa, mzee anasikiliza nini?"

"Anasikiliza mbolea," nikasema.

Akabadilisha boksi, akarudia. Akamaliza, akavua visikizio, akanivisha. "Sikiliza hili kubwa."

Nikasikia shhhh, kama mama anakaanga vitunguu chumba cha tatu.

"Sasa hili dogo."

Nikasikia kiza. Sijui niseme vipi. Ilikuwa kama umetumbukiza kichwa kwenye maji ya baridi.

"Siimbishi taa," akasema Mwalimu. "Mtu akiimba polepole, lile kubwa litamkaangia vitunguu juu ya sauti yake."

Akapiga kofi moja mbele ya mic, kusikia kofi linachukua muda gani kuingia kwenye kompyuta na kurudi masikioni. La boksi dogo lilirudi hapohapo. La boksi kubwa lilichelewa, likarudi kama mtu aliyetumwa chumvi akakutana na rafiki zake. Mwalimu akatikisa kichwa, akaanza kulifunga dogo kwenye blanketi lake.

Hapo ningeweza kuwa mtu mwenye akili. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu. Lakini sikutaka kununua kitu kilekile alichochagua yeye, nionekane mkia wake. Nikasema kwa sauti, Hamisi asikie na mwenye karanga asikie, "Mimi nachukua hili la kiume. Matundu manane!"

"Una mic ngapi?" akaniuliza Mwalimu.

"Mbili."

"Na matundu sita yatakuwa ya kuingizia upepo?"

Tangu siku hiyo jina langu likawa Matundu Manane. Wapo watu Makambako hawajui jina langu la ubatizo. Na kompyuta yangu, kila nilipofungua matundu yote, iliganda. Ilinibidi niifundishe kama mtoto mdogo: tundu moja, haya, la pili, basi, tulale.

Ndiyo maana ile siku ya hotpoti iliniuma mara mbili. Nilijua kabisa boksi dogo liko kwake kwa nini, na nilijua kubwa liko kwangu kwa nini.

Nikajaribu. Nilimwita Mama Neema studio, nikamweka mbele ya trei za mayai, nikamwambia, "Imba kama ulivyoimba kwa Mwalimu."

Akaimba kama mtu anayesoma tangazo la mkutano wa kijiji.

"Hapana, siyo hivyo. Kama kule."

"Baba Neema, kule ni kule."

"Kuna nini kule?"

"Kuna utulivu. Niache nipike."

Nikapanga mambo upya. Nikafunga saa na sweta, sweta langu la pekee, nikatetemeka. Nikapeleka kuku kwa jirani, wakarudi wawili badala ya wanne. Nikasubiri ukungu, na Mahongole ukungu hauji kama Njombe, unakuja kidogo kidogo, unaona aibu. Mwishowe mama wa watu aliimba mara sita, mara saba. Kila nikisikiliza, ni vitunguu vinakaangwa na juu yake mwanamke anaimba shingo imekaza, anafikiria unga.

Kwa hiyo kila Jumamosi nikawa namvizia Mwalimu anapopaki pikipiki.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Matundu Manane."

"Mwalimu, ile mic inakaa mbali kiasi gani na mdomo?"

"Shubiri moja na nusu. Shubiri yako, siyo yangu."

Wiki nyingine: "Mwalimu, lile boksi unalifungua sauti mpaka wapi?"

"Mpaka taa isinzie, isilale."

Wiki nyingine: "Mwalimu, ukuta unaweka nini?"

"Mablanketi. Ya sufu, siyo haya ya kuazima."

Alinijibu kila nilichouliza. Hakuninyima hata kimoja, na hilo nalo lilinikera, maana mtu ambaye angeninyima ningeweza kumsema. Nilifanya yote. Shubiri nilipima mpaka mkono ukachoka. Ikawa bado. Nikaamua moyoni: ni boksi. Hakuna kingine. Ule ukimya wake wa rangi ya majivu ndio umemchukua mke wangu.

Watu nao hawakunisaidia. Kwaya za vijijini, za mjini, za kila mahali zikawa zinapita Makambako mbele ya kibanda changu, zimepanda nyuma ya fuso, zinapiga vigelegele, zinakwenda Njombe kurekodi kwa Mwalimu kwenye chumba cha kulala. Zikirudi zinanipa kanda ninakili. Nilikuwa nasikiliza sauti za wapasua mbao na wakulima wa viazi zimekuwa za malaika, mimi kazi yangu kuzizungusha. Nilijifariji kwa ubaya. Nilipogundua kwamba Mwalimu, aliyekataza kwaya isiguse hata harufu ya pombe ya ulanzi, anakunywa kikombe kimoja kila Jumapili jioni "kwa ajili ya koo," nilifurahi wiki mbili. Nikamwambia Mama Neema.

"Na wewe kunywa basi," akasema. "Uone kama utasikia vizuri."

Miaka ikapita hivyo. Kanda zikaanza kufa, sidii zikaja, kibanda kikawa kinauza vocha za simu zaidi ya nyimbo. Mwalimu akapungua. Jumamosi moja hakuja, ya pili hakuja, hata pikipiki haikusikika, stendi ikawa na pengo la kelele. Hamisi akaniletea habari: miguu inamsumbua, binti yake anamchukua akakae naye Mbeya, nyumba inafungwa. "Na amesema, Matundu Manane aje achukue lile boksi."

Nilifika Njombe kesho yake. Sitajifanya nilikwenda kumjulia hali. Nilikwenda na begi.

Nilimkuta amekaa kitini, shuka magotini, vitu vimefungwa kwenye maboksi ya sabuni pande zote. Amekuwa mdogo. Masikio tu ndiyo yalibaki ukubwa wake.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Begi lako ni kubwa kuliko boksi."

"Nimezoea la matundu manane."

Akacheka kidogo, akakohoa. Boksi lilikuwa juu ya meza, taa imesinzia vilevile, kompyuta pembeni yake bado haijafungwa. Nikanyoosha mkono. Kwa ulafi, nakwambia.

"Usibebe kitu hujakijaribu," akasema. "Umejifunza nini kwangu miaka yote? Vaa visikizio."

Nikavaa. Akasogeza kiti, akamshika panya taratibu, akaanza kufungua kazi za zamani atafute ya kujaribia. Ziko nyingi, zimepangwa kwa majina ya sharika. Akafika ya kwetu. "Hii nzuri. Hii ndiyo yenyewe, kabla sijaikata."

Kwanza nikasikia ule ukimya wake. Halafu miguu, mkeka unasogezwa, mtu anajikohoza. Mama Neema alikuwa chumbani na mwenzake wa sauti ya pili, wanasubiri, Mwalimu yuko sebuleni na kompyuta, waya umepita chini ya mlango. Hawakujua kwamba tayari inarekodi. Nikasikia sauti ya mke wangu, anasimulia.

"...basi ananyoa ndevu huku anaimba, dirisha wazi. Mara hodi. Mama wa jirani, khanga kichwani, uso umeanguka. Ananiambia, mwenzangu, poleni sana, nani ametutoka? Yeye huyo anatoka na povu shavu moja, anamshika mkono, anamwambia: karibu mama, aliyefariki ni sauti ya kwanza, ya pili bado iko wodini, tuzidi kuiombea."

Alinisema kwa sauti yangu. Aliigiza mpaka ile pua yangu. Mwenzake akapiga ukelele. Halafu Mama Neema akacheka.

Nimeishi naye, tuna watoto watatu. Kicheko kile sikuwa nakijua. Nyumbani nikichekesha huwa ananiambia chakula kinapoa. Kile kilianzia chini kabisa, kikapanda, kikamkatikia njiani, kikaanza tena.

Kwa mbali, nyuma ya mlango, sauti ya Mwalimu: "Tayari?"

"Bado Mwalimu! Ngoja nimalize kucheka." Akacheka tena. Akajifuta, nikasikia khanga usoni. Akamwambia mwenzake, polepole, siyo kwa mzaha: "Yule mtu, wee. Sijui ningekuwa naishi na nani mwingine."

Halafu ile pumzi. Ile ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Na wimbo ukaanza.

Nikavua visikizio upande mmoja.

"Mwalimu, yale ya mwanzo mbona hayamo kwenye kanda?"

"Niliyakata. Siyo wimbo."

"Ulinikata mimi."

"Nilikata maneno." Akalaza kichwa kushoto kidogo, anafikiri. "Siku ile aliimba mara tatu kabla ya hapo. Mara zote shingo ngumu, sikuzichukua. Hii ya nne akaingia anatoka kucheka, koo limefunguka. Nikaichukua hii."

"Miaka yote nakuuliza! Hukuniambia."

"Uliniuliza boksi," akasema Mwalimu. "Uliniuliza shubiri. Uliniuliza blanketi. Kuna ambacho sikukujibu?"

Hakipo. Hapo nilimwonea wivu kuliko siku zote. Kicheko kile kilitoka kwa ajili yangu, kikaingia kwenye masikio yake, akakibonyeza na panya akakitupa kama ganda la karanga. Na nikamwonea wivu mtu mwingine tena, yule mpuuzi mwenye povu shavuni, anayesemwa vile na mwanamke vile, asijue.

"Rudisha," nikasema.

Akamshika panya. Ile pumzi ikaja, wimbo ukaanza.

"Siyo hapo, Mwalimu. Nyuma."

"Wimbo unaanzia hapa."

"Najua unapoanzia. Rudisha nyuma."